Sarafu Sitini na Moja za Mzee Dakika

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii ikukute mzima na pasi zako zote zinapata moto. Sisi hapa tumo. Wifi yako amepona jino, ambalo kwa wiki mbili lilitufanya nyumba nzima tuongee kwa kunong'ona. Binti yangu ameingia darasa la saba. Anamsalimu shangazi yake na anataka kujua kama wale mapacha wako bado wanauma watu. Mimi naendelea kusahihisha makosa ya wengine pale kiwanda cha uchapaji. Wiki iliyopita nilizuia kalenda elfu tatu zisitoke na Februari yenye siku thelathini na moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miezi mitano imepita tangu Baba atutoke, na nimepata njia ya jina lake lisipotee. Makumbusho ya mji huu yamekubali kuzipokea sarafu zake zote sitini na moja, za Kiyunani, za Kirumi na za Bizanti, na kuziweka kwenye kabati la kioo lenye jina lake. Si lile la kwenye kitambulisho, ni lile alilopewa na mtaa mzima: Mzee Dakika, Fundi Saa. Hebu fikiria, mtu aliyezitafuta sarafu miaka arobaini kwenye masanduku ya wauza vyuma chakavu, leo anakaa ukuta mmoja na wasomi!

Mtaalamu wao wa sarafu, mama mmoja mkali asiyejua kucheka, amesoma barua zote ambamo Baba alikuwa akinielezea sarafu zake. Anasema za miaka miwili ya mwisho ndizo bora. Aliisifu hasa ya namba thelathini na saba, ile shaba ya Bizanti yenye herufi M kubwa mgongoni. Baba aliona kwamba imepigwa juu ya sarafu nyingine ya zamani zaidi, na kwamba ukiielekeza dirishani asubuhi, pua ya mfalme wa ile sarafu ya kwanza inachungulia chini ya herufi. Mtu mkono unatetemeka hadi barua anakuandikisha wewe, lakini macho bado ni ya fundi.

Nakuomba uzifunge zote, kila moja ndani ya kikaratasi chake chenye namba, umpe yule jirani yenu muuguzi anayekuja huku mwezi ujao. Usizifute. Najua wewe na uchafu hamkai nyumba moja, lakini ile ngozi ya kijani na ya kahawia juu ya shaba si uchafu, ndiyo umri wa sarafu. Ikitoka hairudi. Samahani nikikueleza kama mtoto, ila mambo haya hukuwahi kuyafuatilia.

Msalimie shemeji.

Kaka yako


Tarehe 9 Machi

Kaka,

Salamu zimefika, na wifi mpe pole ya jino. Mapacha hawaumi tena, siku hizi wanatema mate. Shemeji yako yuko njiani na lori lake kama kawaida. Namwona siku nne kwa mwezi, na moja kati ya hizo amelala. Udobi unaenda. Nyumba ya wageni ya pale kona imeniongezea shuka, na mashine moja imeanza kulia kama mbuzi anayechinjwa.

Muuguzi ameondoka na kifurushi leo asubuhi. Zote sitini na moja zimo, na vikaratasi vyake. Ila ujue kabla hujafungua: arobaini na tatu zimesafishwa. Nilizisafisha mimi, Baba akiwa bado hai. Kumi na nane hazijaguswa. Sina la kuongeza hapo.

Mwambie mwanangu huyo wa darasa la saba nimefurahi.

Mdogo wako


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Nimezoea kuanza na salamu, basi salamu. Wote wazima. Zimeisha.

Sikukuelewa. Nilidhani "zimesafishwa" ni kufutwa vumbi, nikakipeleka kifurushi makumbusho bila kukifungua, nimevaa na tai. Mama mtaalamu akatandika kitambaa cheusi mezani, akavaa glavu, akafungua namba moja. Bundi wa Kiyunani, wa fedha, salama salimini. Akatabasamu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Akafungua namba mbili. Mfalme wa Kirumi ametoka pinki, anang'aa kama kitasa cha mlango wa benki. Namba tatu hivyo hivyo. Alipofika ya kumi akavua glavu. Mtu akivua glavu mbele ya sarafu za baba yako hana haja ya kusema kitu.

Nikamwomba aangalie thelathini na saba. Akaizungusha dirishani mara mbili, akaniambia, "Pua gani?"

Nilipokuwa na miaka kumi nilisugua sarafu moja kwa majivu na ndimu, nikampelekea Baba nikitegemea sifa. Akanizaba kofi, la pekee maishani mwake, na mwezi mzima hakusema nami. Wewe ulikuwa bado mgongoni mwa Mama. Lakini umekaa na mzee yule nyumba moja miaka yote hii, ukala naye, ukamsikia akisema sarafu haioshwi, sarafu haioshwi, na halikukuingia hata neno moja? Ardhi ilizitengenezea ngozi ile kwa miaka elfu moja na mia tano. Wewe ukaiondoa kwa mchana mmoja. Ama kweli, dobi ukimpa mwezi ataufua.

Nijibu mambo mawili tu. Ulitumia nini? Na hizo kumi na nane uliziachia nini, ulichoka?

Kaka yako


Tarehe 10 Mei

Kaka,

Sisi wazima. Mapacha walikuwa na tetekuwanga, na hiyo ni nusu ya sababu ya kuchelewa. Nusu nyingine ni kwamba kila nilipokaa kukujibu, mkono ulitaka kuandika maneno ambayo Mama angeyasikia angefufuka.

Umeuliza nilitumia nini. Dawa ya kutoa kutu, ile ya unga tunayotolea madoa ya chuma kwenye shuka, na brashi ya kola. Umeuliza kwa nini niliacha kumi na nane. Jioni ilifika.

Sasa nami niulize. Baba alipoanza kuvaa koti juu ya koti, wewe ulikuwa wapi? Nilikuandikia kwamba Baba anasahau. Nilikuandikia mara tatu. Mara ya kwanza ulijibu kwamba wazee wote husahau, ukataka uzito wa namba ishirini na mbili. Mara ya pili hukulijibu kabisa, ukauliza kama mfalme wa namba thelathini anatazama kulia au kushoto. Mara ya tatu ulinitumia orodha ya maswali kumi na mbili na salamu za wifi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilimwogesha. Mimi nilimlisha. Mimi niliweka komeo juu kabisa ya mlango ili asitoke alfajiri kwenda kufungua duka aliloliuza miaka sita iliyopita. Na mazishini hukuja. Sikukuuliza sababu, na leo sikuulizi.

La sarafu nimekosa, nimekubali. Ila liishie kati yetu wawili. Baba Mdogo asijue, wala mtu mwingine. Na jina la Baba liwekwe pale kwenye kioo kama ulivyoahidi, hata kama ni kwa hizo kumi na nane.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo. Wifi yako anasema nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimemwambia basi sitaandika mpaka nizeeke.

Jina la Baba limewekwa. Zile kumi na nane ziko juu, chini ya taa. Arobaini na tatu zimewekwa kwenye trei ya chini, wanafunzi wajifunze sarafu inavyoharibiwa. Mtaalamu alitaka kibandiko cha kueleza ilikuwaje, nikakiandika mwenyewe: "Zimeharibiwa kwa kusuguliwa na binti wa mkusanyaji, asiyekuwa na ujuzi wa sarafu." Jina lako halimo. Ni ukweli mtupu, na hata wewe umeukubali.

Ninakutumia na kitabu nilichokichapisha cha maelezo ya Baba kuhusu sarafu zake. Kidogo, kurasa hamsini, ila nimekisahihisha mara saba. Ukurasa wa tatu nimeeleza yaliyozipata sarafu, kwa maneno yale yale ya kibandiko. Baba Mdogo naye nimempelekea nakala. Uliomba asijue, lakini angesikia sarafu zimesuguliwa angeweza kudhani ni Baba mwenyewe, na hilo siwezi kulivumilia. Sitaki mtu yeyote duniani adhani ni Baba aliyefanya vile.

Na hizo habari zako za kusahau, nikwambie kitu. Mtu anayesahau haandiki maelezo kama yale. Fungua ukurasa wa kumi na tisa, soma ile ya namba thelathini na saba, kisha uniambie kichwa kilichoyatoa kilikuwa na kasoro gani.

Kaka yako


Tarehe 12 Julai

Kaka,

Leo salamu zitakuja mwisho.

Jana Baba Mdogo alikuja na kitabu chako kwapani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya mama mmoja aliyefuata gauni la harusi la bintiye, akanisomea ukurasa wa tatu kwa sauti. "Asiyekuwa na ujuzi" aliisoma mara mbili, kana kwamba ya kwanza sikuisikia. Kisha akasema kaka yake nimemzika mara ya pili. Yule mama akajifanya anakagua vifungo.

Umeniambia nisome ukurasa wa kumi na tisa. Sina haja ya kuusoma. Niliuandika.

Baba aliacha kujua sarafu ni nini miaka miwili kabla ya kufa. Ilipofika barua yako, nilimsomea maswali yako, akanitazama, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Ningekuandikia hilo kwa mkono gani? Nikaandika kwamba anasahau, ndiyo maneno niliyoyaweza, nikitegemea mtu mwenye akili yako atajaza mengine. Wewe ukataka uzito.

Basi nikachukua mzani wake nikapima. Nikachukua lenzi yake ya saa, nikasoma vikaratasi vyake vyote na madaftari yake yote, usiku na mchana, huku nikizungusha shuka za watu kwenye mashine. Kwa miaka miwili nimekuandikia barua kumi na tisa, na hakuna aliyeniandikisha hata sentensi moja. Ile pua niliiona mimi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nasubiri mashine imalize kukamua, nikaielekeza sarafu dirishani, na mfalme akatoka. Nilipiga kelele mpaka mapacha wakaja mbio kunitazama. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikakwambia wewe kwa jina la Baba, na wewe ukamsifu Baba.

Sasa sikia la kusugua, maana sitalisema tena.

Nilikwenda kupeleka shuka nyumba ya wageni, nikasahau kufunga kabati la dawa. Hilo ni kosa langu na silikani. Niliporudi, Baba yuko uani juu ya kigoda, beseni miguuni, sarafu amezipanga juu ya taulo kwa mstari ulionyooka kama alivyokuwa akipanga magurudumu ya saa. Alikuwa amekwisha sugua ishirini. Nikamnyang'anya brashi. Nikamfokea, kaka, tena vibaya. Akalia mdomo wazi kama mapacha. Akasema, "Zilikuwa chafu, mama. Nilikuwa nakusaidia."

Mwaka mzima mikono ile ilikuwa haijafanya kazi yoyote ila kuchomoa nyuzi za blanketi.

Nikamrudishia brashi. Nikakaa chini kando yake, nikawa nazitoa kwenye vikaratasi moja moja, nampa. Nilijua ninachompa, pengine kuliko mtu yeyote aliye hai, wewe ukiwemo. Thelathini na saba niliishika muda mrefu. Nikaielekeza kwenye mwanga nikaiona pua, kisha nikampa. Ilipong'aa alicheka. Akaniambia, "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Tulipofika arobaini na tatu akasinzia pale pale, ndiyo sababu kumi na nane zimebaki. Nilikudanganya kuhusu jioni.

Nilikwambia ni mimi kwa kuwa sikutaka Mzee Dakika, aliyekuwa akifungua saa ya mkononi kwa kugusa tu, akumbukwe kama mzee aliyemwita bintiye mama na kuiharibu kazi ya maisha yake. Mzigo niliuchagua mwenyewe na ningeubeba. Lakini sikukutuma ukautangaze, ukautilie na kioo juu. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imenifikia hapa hapa, mbele ya wateja.

Na "asiyekuwa na ujuzi" siikubali kutoka kwa mtu yeyote, sembuse kwako, uliyejifunza nusu ya kitabu chako kwangu.

Msalimie wifi na binti yako. Hao sina ugomvi nao.

Mdogo wako


Tarehe 3 Novemba

Mdogo wangu,

Wote wazima, isipokuwa binti yangu amevunjika kidole cha mguu kwa kupiga teke mlango. Hasira hizo hakuziokota njiani.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nilisema unajitetea. Nikazitoa zile barua kumi na tisa, nikazisoma kama ninavyosoma kazi za watu kiwandani, kalamu nyekundu mkononi, natafuta kosa nikukamate nalo. Nikaona kila moja inaishia kwa maneno yale yale: "Njoo uione mwenyewe." Mara kumi na tisa. Mimi nilidhani Baba anazungumzia sarafu. Kazi ninayolipwa ni kuona kinachorudiwa kwenye karatasi, na hicho sikukiona.

Mwezi wa pili nilikukasirikia kwa jambo jingine. Ungeandika wazi kwamba Baba hajui tena mimi ni nani. Ungeandika hivyo hivyo, kwa ukali wako wote. Hilo bado linaniuma na sitakuficha. Mwezi wa tatu nikaishiwa watu wa kuwakasirikia, nikabaki mwenyewe. Hukuniuliza kwa nini sikuja mazishini. Nilikuwa nasahihisha kurasa za kitabu hiki hiki cha sarafu. Hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma ya hiyo.

Nimefanya mambo mawili. Kwanza, kitabu nimekichapisha upya. Maelezo ya namba ishirini na mbili hadi sitini na moja yana jina lako, na ukurasa wa tatu nimeutoa. Mama mtaalamu ameomba anwani yako. Baba Mdogo nimemwandikia yote, na nimemwambia akija kwako aje kuomba radhi.

Pili, kibandiko. Jina la Baba sikutaka kuligusa, na wewe nimekwisha kukuchafua vya kutosha. Kwa hiyo sasa kinasema: "Zimeharibiwa kwa kusuguliwa na mwana wa kiume wa mkusanyaji." Nimeona hiyo ndiyo haki. Acha lawama niibebe mimi.

Nisamehe.

Kaka yako


Tarehe 26 Novemba

Kaka,

Sisi hatujambo. Binti yako mpe pole, mwambie milango ipigwe kwa kisigino. Mashine iliyokuwa ikilia kama mbuzi imekufa, nimenunua nyingine. Baba Mdogo alikuja, akakaa kiti kile kile, akaniomba radhi kwa kuzungumzia mvua nusu saa. Nimempokea, ndivyo alivyo.

Kitabu kimefika. Nimemwonyesha shemeji yako jina langu, akafuata maelezo ya thelathini na saba kwa kidole mpaka mwisho, akasema hajui nimeyasoma haya lini, maana kila akirudi ananikuta nafua. Hilo la kitabu nalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni kweli. Mtaalamu wako naye ameniandikia. Nitamjibu Jumapili, amekosea namba arobaini.

Msamaha umeuomba. Sijafika huko bado. Nikifika utajua.

Lakini kibandiko hicho kiondoe. Niliposoma mstari ule niliacha pasi juu ya shati la mtu, likaungua. Ulidhani unanipa zawadi? Miaka miwili kwenye barua zako nilikuwa Baba. Kisha nikawa mharibifu. Sasa unataka hata siku ile pale uani niwe sikuwepo, wewe ndiye ukae karibu na kigoda, kwa kuwa roho inakusuta? Ile ndiyo siku ya mwisho Baba alicheka. Ni yangu na yake. Asiyekuwepo na lake halipo, kaka, hata kama ni kosa.

Nami nilikosea kumficha. Nilidhani nalinda jina lake, kumbe nilikuwa wa kwanza kumwonea aibu. Aliugua, kama watu wanavyougua. Mwambie mtaalamu aandike hivi, na wewe usisahihishe hata neno moja:

"Sarafu hizi zilisuguliwa na mwenye nazo katika mwaka wake wa mwisho. Bintiye alizitoa kwenye vikaratasi, akampa moja moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Wewe hukuwepo.

Mdogo wako